Matundu Ishirini na Mawili

Jumapili, 2 Machi

Mdogo wangu ametangaza leo mezani, kama mtu anayeomba chumvi: Jumatatu ya tarehe kumi anarudi machimboni. Daktari amemruhusu. Jicho la kulia zima. La kushoto ndiyo basi tena.

Wifi alianza kukusanya sahani, na yangu ilikuwa bado na chakula. Nikabaki na kijiko hewani. Halafu, bila kuniangalia, akasema labda safari hii wifi yake atamwandikia mumewe ruhusa ya kuvaa miwani.

Mdogo wangu akacheka. Akasema ulimi wa mkewe unanishinda, nimwachie safu yangu ya gazetini nikapumzike.

Anacheka! Miezi minne anacheka. Angenitukana mara moja tu, ningelala mwaka mzima.

Kwa kumbukumbu, maana mimi ni hodari wa kuwakumbusha wengine. Mwaka jana, mwezi wa tisa, niliandika "Miwani ya Maonyesho". Kampuni ya machimbo ilikuwa imewagawia wavunja mawe miwani ya kinga, ile mikubwa ya plastiki yenye mkanda wa mpira. Nikaandika kwamba inashika ukungu, inabana, imeletwa ipigwe picha wakija wakubwa. Na sentensi hii, niliyoipenda mno: "Jicho ni la mwenye jicho, aamue mwenyewe alifunike au asilifunike." Wakaisoma kwa sauti wakati wa mapumziko, kama wanavyosoma safu yangu kila Jumatatu. Msomaji wao ni mdogo wangu. Wakapiga makofi, wakavua miwani wote, wakaitundika kwenye misumari ukutani. Mwezi wa kumi na moja kipande cha jiwe kikampata yeye.

Mchuma janga hula na wa kwao. Uongo mtupu! Mimi nilichuma, yeye kala peke yake.

Nimeamua. Hatarudi kule na jicho moja na miwani inayoning'inia shingoni. Nitatengeneza kitu cha kuishikilia kwenye helmeti — isibane, isianguke, isimchoshe hata akaivua. Sijui kutengeneza kitu chochote. Nitajifunza. Niliwahi kusoma sheria ya ardhi kuanzia jalada hadi jalada ili nimshinde wakili mmoja tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika machimboni. Mara ya kwanza. Niirudie, aibu iingie vizuri: mara ya kwanza! Makala sita nimeandika kuhusu mahali pale nikiwa kwenye kiti chenye mto.

Langoni yupo mkaguzi wa usalama. Wanamwita Bwana Filimbi, kwa sababu anayo shingoni na akiona kosa anaipuliza. Jina hilo walilianzisha wavunja mawe. Mimi ndiye niliyelipeleka gazetini. Alinipa helmeti akasubiri mpaka nikafunga mkanda wa kidevu. Hakugusia makala zangu. Ningependa agusie. Majibu nilikuwa nayo.

Wanakaa mstari mmoja, bega kwa bega, kila mtu na nyundo na tindo lake. Nilidhani kipande humrukia anayegonga. Hapana! Anayegonga amelielekeza tindo mbali na uso wake. Kipande kinachomoka ubavuni, kinakwenda kwa jirani. Kumbe hata kilichomtoboa mdogo wangu hakikutoka kwenye nyundo yake. Kilitoka kwa mzee anayekaa kushoto kwake, Babu Tindo. Wanasema tangu siku ile Babu Tindo hatanii mtu.

"Aamue mwenyewe." Basi aamue kwa ajili ya jicho la nani?

Nimeelewa pia kwa nini miwani inavuliwa. Mkanda ukipita chini ya helmeti, helmeti inakaa juu juu kama kifuniko kisicho cha sufuria yake. Ukipita juu, unateleza kuelekea utosini na miwani inaruka. Mtu akichoka anaishusha shingoni, inajaa vumbi. Akiirudisha, amejipaka mchanga machoni kwa mkono wake.

Jumatano, 5 Machi

Gundi ya viatu na kulabu nne za ngozi, nimezibandika kwenye helmeti ya zamani ya mdogo wangu. Asubuhi zilishika kama kupe. Nikaianika juani ili kuijaribu. Kufika adhuhuri kulabu zote zilikuwa zimeteremka mpaka ukingoni, gundi ikivuta nyuzi.

Wifi alipita na ndoo, akasimama. "Wifi, helmeti yako inalia."

Nikamjibu vibaya. Nikaomba radhi. Akasema radhi zangu zina haraka kama matusi yangu. Nikarudi kukwangua gundi bila kubishana. Kwangu hilo ni tukio.

Ijumaa, 7 Machi

Imefanikiwa! Imefanikiwa, imefanikiwa!

Nimeazima drili kwa seremala. Tundu moja juu ya kila sikio, skrubu, nati, na mkono mfupi wa bati uliokunjwa. Mkanda nimeutupa kabisa. Miwani sasa imebebwa na helmeti yenyewe: unaisukuma juu kama dirisha, unaivuta chini inakaa usoni, na pembeni hewa inapita kwa hiyo haishiki ukungu. Mdogo wangu aliivaa uani akagonga jiwe, akapiga chafya, akainama mpaka chini, akatikisa kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na maji masikioni. Haikusogea.

Akaniuliza: "Dada, hii umeitengeneza, au umeitukana mpaka ikatulia yenyewe?"

Nililazimika kuingia ndani. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumatatu, 10 Machi

Kaenda, karudi. Jicho lipo. Nilimtazama usoni kabla ya salamu; akanifumbia lile zima makusudi, mshenzi, moyo ukanidondoka. Anasema wenzake wote wanaitaka.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda na drili ya mkono wakati wa mapumziko. Helmeti kumi! Pamoja na ya mdogo wangu, kumi na moja. Walipanga foleni. Babu Tindo alikuwa wa mwisho. Alinikabidhi yake kwa mikono miwili bila neno.

Bwana Filimbi akaja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba helmeti haitobolewi, imeandikwa hata ndani yake, muhuri upo. Nikamwuliza mbele ya watu wote: huo muhuri wako ulikuwa wapi siku kijana wetu anapoteza jicho? Wakalipuka! Mmoja akapuliza filimbi ya mdomo. Yeye akaishika ya kwake, asiipulize. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo, kama mtu anayengoja nimalizie sentensi. Kisha akaondoka.

Utamu ulioje. Nilikuwa nimeusahau.

Makala ya Jumatatu nimeshaituma kwa mhariri: "Matundu Mawili Yamemshinda Mkaguzi". Moto mtupu.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike polepole.

Alasiri amekuja nyumbani. Bwana Filimbi. Ana mfuko wa sandarusi. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asivue. Ndani ya mfuko: helmeti mbili kuukuu za stoo, za mwaka uleule, na jiwe la ukubwa wa ngumi mbili. Moja ameitoboa, tundu moja juu ya kila sikio, vipimo vyangu, hata skrubu kama zangu. Akaniomba niruhusu tutumie ngazi za nje.

Alizifunika juu ya ndoo, moja baada ya nyingine. Akapanda ghorofa ya pili, akaachia jiwe. Ile isiyotobolewa: mkwaruzo. Akashuka, akaokota jiwe, akapanda tena, pole pole, magoti yanamsumbua. Akaachia. Ile ya matundu ilipasuka kutoka sikio mpaka sikio, mstari umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Jiwe lilikuwa ndani ya ndoo.

Ndani ya ndoo!

Nilisema ni helmeti mbovu. Nilisema jiwe halikuanguka vilevile. Nilisema mengi, nina akiba. Alingoja niishiwe. Kisha akasema:

"Mara ya kwanza nilikuandikia, mama. Nikaona safari hii nije mwenyewe."

Wifi alikuwa dirishani. Sijui alisikia kiasi gani.

Akanieleza hali ilivyo. Kesho na keshokutwa machimbo yamefungwa, mtambo unafanyiwa matengenezo. Helmeti mpya zipo stoo. Lakini yeye akizikusanya zile kumi na moja watazificha, watasema Filimbi anataka kuwarudishia mkanda wa mpira. "Wananisikia mimi kwa masikio. Wewe wanakusikiliza. Jumatatu uje useme."

Amekunywa maji, akashukuru, akavaa viatu.

Sasa hiyo barua.

Wiki tatu kabla ya ajali. Ukurasa mmoja, mwandiko wa mtu aliyesoma shule za zamani. Aliandika kwamba nimekosea jambo moja tu: kipande cha jiwe hakimwendei anayegonga, kinamwendea jirani, kwa hiyo miwani si hiari ya mtu mmoja. Alichora mstari wa watu na mishale. Akaniomba nisahihishe, "kwa sababu wanakuamini". Niliisoma. Nilielewa kila neno. Nikaona: nikisahihisha, atatamba. Nikaitia kwenye faili la "Wapinzani", na wiki iliyofuata nikaandika kuhusu ada za masoko.

Na humu, tarehe nne, niliandika "kumbe". Kumbe! Nadanganya mpaka daftari langu, ambalo halina msomaji. Nilijua tangu mwezi wa kumi. Nilichokwenda kukiona machimboni ni ile michoro yake ikitembea.

Filimbi hajamwambia mtu. Siku ile nilipomwuliza muhuri wake ulikuwa wapi, alikuwa na jibu mfukoni la kunizika hadharani. Hakulitoa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia wifi kuhusu matundu. Kuhusu barua, sijamwambia.

Nilitegemea anirarue. Alikaa akashika helmeti iliyopasuka, akapitisha kidole kwenye ufa. Akauliza: "Mzigo kwenye karia ya baiskeli unafungwaje? Unautoboa?"

Unafungwa kwa mpira wa tyubu. Mungu wangu. Nimesoma nusu ya maktaba ya mji huu!

Tumeshinda uani, mimi na yeye. Tumekata tyubu kuukuu kuwa utepe mpana wa vidole viwili, tukauzungushia helmeti nzima. Utepe mtupu unapanda juu, kama mkanda ule ule wa zamani. Wifi akashona kulabu nne za ngozi nene zinazouma ukingo wa chini: mbili mbele ya masikio, mbili nyuma. Sasa hauendi popote. Miwani inapita kwenye kulabu za mbele kwa vitanzi vifupi, inapanda, inashuka. Hakuna tundu. Hakuna gundi. Si nzuri kama dirisha langu, ukiipandisha inalegea kidogo upande mmoja. Wifi akasema uzuri tumwachie bibi harusi.

Tumeshona kumi na moja. Vidole vinauma. Katikati ya kazi akauliza, macho kwenye sindano, mkaguzi alisema aliniandikia nini.

Nikasema: mambo ya kikazi.

Akakata uzi kwa meno. "Haya, wifi."

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nimempigia mhariri: iondoe ile makala. Ukurasa umeshapangwa, anasema. Upangue! Akauliza nimetishwa na nani. Nikamwambia nimekosea. Akasema: "Wasomaji wako wanakuja kuota moto, dada. Majivu watayapeleka wapi?" Nikamwambia wafulie nguo. Akanipa mpaka saa sita mchana.

Nimeandika kwa saa moja na nusu. Aya ya kwanza: helmeti isitobolewe, na aliyetoboa ni mimi. Ya pili: Bwana Filimbi na ndoo. Ya tatu: mpira wa tyubu, na kwamba akili ilikuwa ya wifi yangu. Nikaona imekamilika. Ilikuwa safi. Ilikuwa hata inanipendeza mimi mwenyewe — mwanamke anayekiri, anayecheka kidogo, anayesamehewa kabla hajafika mwisho.

Hapo nikashtuka. Nikaongeza ya nne. Barua, tarehe yake, faili nililoitia, na sababu. Nikaituma kabla sijaisoma mara ya pili.

Ndipo nikakumbuka nani atakayeisoma kwa sauti kesho.

Nilitoka kwenda kumwambia. Naapa nilitoka kwa ajili hiyo. Alikuwa kizingitini, helmeti kichwani, mkewe anarekebisha kulabu, naye anaimba wimbo wa kijinga wa utotoni kwetu huku anapandisha na kushusha miwani kwa mahadhi. Aliponiona akasema, "Dada, njoo uone, sasa mimi ni rubani!"

Wifi alinitazama. Alisogea pembeni, akaacha nafasi.

Nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama inambana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha Filimbi. Naandika ili mikono isikae bure.

Nilikuja saa moja asubuhi, kabla hawajashika nyundo. Niliwasimamisha. Nikawaonyesha helmeti iliyopasuka, ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akaniita kwa jina walilonipa: "Kalamu, juzi ulimfukuza Filimbi kwa maneno, leo umekuja na maneno yake!" Mwingine akauliza kama wiki ijayo nitawaletea sufuria wavae. Nikawaacha wacheke. Kisha nikasema: nilikosea. Neno fupi. Mimi niliyezoea kutoa hotuba!

Babu Tindo alikuwa wa kwanza kuvua helmeti yake. Ikaja nyingine, na nyingine. Kumi na moja! Filimbi alihesabu mara mbili, akagawa mpya, mimi nikavisha mipira. Nilimwona mdogo wangu akimsaidia Babu Tindo kukaza kulabu ya nyuma. Mzee alimwacha amshike kichwa, macho amefumba.

Kisha wakaenda kazini. Nikabaki. Nilijiambia: kabla ya mapumziko nitamwita mdogo wangu nimwambie. Saa tatu alikuwa juu kwenye mwamba. Saa nne nilikuwa naongea na nyapara, jambo lisilo na maana, nililirefusha mwenyewe. Saa tano na nusu alishuka kunywa maji akaja hapa hapa, tukawa wawili peke yetu. Dakika mbili nzima. Vumbi limemjaa nyusi, nyuma ya miwani pako safi. Akasema: "Dada, leo umenifurahisha. Wewe kusema umekosea! Nimewaambia, huyo ndiye aliyenilea."

Nikamfuta vumbi begani. Nikasema akanywe maji.

Saa sita. Gazeti limefika. Filimbi amenipa chai, amesimama mlangoni.

"Barua imo humo?" kauliza.

Imo.

"Naye hajui?"

Hajui.

Akaelekeza kidevu walipokaa wavunja mawe: "Ni hatua arobaini, mama, kutoka hapa hadi pale." Akaingia ndani akaniachia benchi.

Hatua arobaini. Nimepigana na mawaziri. Nilichoshindwa kumwambia usoni nimempa akisome mbele ya watu, kwa jicho moja. Inuka, mwanamke! Nimeinuka. Nimekaa tena.

Ameanza. Sauti yake naijua, anasoma kama mtangazaji, anakokota vituo. Aya ya kwanza — wanacheka. Ya pili — mtu anaigiza jiwe likitua ndani ya ndoo. Ya tatu — amelitaja jina la utani la mkewe mahali nilipoandika "wifi yangu", wanapiga makofi, wanagonga nyundo juu ya mawe.

Wametulia. "Lakini kabla ya hayo yote," anasoma, "kuna barua."

Anasoma. Tarehe. Michoro. Sauti imepungua, sisikii vizuri.

Amenyamaza.

Hakuna anayecheka. Hakuna hata nyundo. Kutoka hapa naona mgongo wake tu, na gazeti analolisogeza karibu na jicho, na kulirudisha mbali, na kulisogeza tena.

Babu Tindo amesema: "Endelea, mwanangu. Na mimi nataka kuisikia."

Anaianza upya ile sentensi.